Sukari ya Mama, Sukari Yangu

Nilikuwa na miaka 31 nilipoambiwa nina kisukari aina ya pili. Hakuna aliyeshangaa. Mama alikuwa nacho miaka mingi, akimeza metformini asubuhi na jioni na kutembea kila siku kabla jua halijawa kali. Tukajua nimerithi. Nikapewa vidonge vilevile, na Mama akanifanya mwanafunzi wake: kile acha, hiki punguza, amka tutembee.

Sukari yake ilishuka. Yangu ilikataa. Nilijichoma kidole alfajiri kabla ya kula chochote nikakuta 14, siku nyingine 16, ilhali kwa mtu ambaye hajala, kuanzia 7 tu ni kisukari tayari. Nikakonda mpaka suruali zikawa zinanivuka. Kiu haikatiki, usiku kucha niko chooni. Mama akaamini nakula kwa siri. "Mwanangu, mimi utanificha, mwili wako hutauficha." Neno lile liliniuma, maana nilishaanza kuona labda kweli kosa ni langu. Nikazidi kujinyima chakula.

Usiku mmoja nikatapika mfululizo, nikawa nahema kama niliyetoka mbioni, na pumzi yangu ikanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hospitali wakakuta ketoni tele. Mwili usio na insulini hauwezi kuitumia sukari iliyojaa kwenye damu, basi huyeyusha mafuta yake, mafuta hayo huzaa ketoni, na ketoni zikizidi damu hugeuka tindikali. Hali hiyo huua. Nikatundikiwa dripu, na insulini ikapitishwa kwenye mshipa.

Majibu ya kipimo cha kingamwili, cha kuona kama kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, yalipotoka, daktari alivuta kiti akakaa kati yetu.

"Mama, kwako insulini ipo. Inapiga hodi, ila seli zinachelewa kufungua. Kijana wako hana wa kupiga hodi. Kinga ya mwili wake imeziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Hii ni aina ya kwanza."

Nikabisha kwamba hiyo si ya watoto? Akasema huanza umri wowote, na kwa watu wazima mara nyingi huja polepole, ndiyo maana hudhaniwa ni aina ya pili. Kabla ya 1922, insulini ilipoanza kutibu watu, mgonjwa kama mimi hakuwa na pa kuponea, hata ajinyime vipi. Mpaka leo inanikera kwamba miezi mitano ilipita bila mtu kufikiria kipimo kile, kwa kuwa tu nilikuwa mtu mzima na Mama anaumwa sukari.

Mama alikuwa kimya. Kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo hakuwa anakula kwa siri?"

"Hapana, Mama. Hata angefunga, ingepanda."

Jioni muuguzi alipoleta sindano, Mama akaomba afundishwe yeye kwanza. Akahesabu yuniti kwa sauti, mkono ukitetemeka, kisha akanipandisha shati mwenyewe kama nilipokuwa mdogo.