Usiku niliovaa sura ya Michael Myers

Mwezi wa nane 2005, mi nina miaka 19, nimevaa ovaroli la fundi magari, kichwani maski ya mpira, mkononi kisu cha jikoni cha mama, nimesimama pembeni ya bwawa moja dogo karibu na msitu wa Pugu saa tatu usiku nasubiri kuambiwa anza. Binamu yangu yuko ndani ya maji mpaka kifuani, ameshika panga, yeye ndo Jason, mi ndo Michael Myers, wale wauaji wa sinema za kutisha za Marekani wanaovaa maski, na usiku huo tunashuti sinema yetu wenyewe. Mwenye kamera ni mshkaji wetu wa Gongo la Mboto alokua anashuti harusi na kamera yenyewe ya bosi wake, bosi katuachia usiku mmoja tu na tukiiharibu tunalipa, hela ya kulipa hatuna.

Nianzie nyuma kidogo. Waliokua wanaingia vibanda vya video enzi zile wanajua, mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, joto la kufa mtu, na mtafsiri na maiki yake, maana wakati huo sauti ya Lufufu ilikua imeingia kila mtaa na kila kijana anataka kutafsiri kama yeye. Hapo ndo nilipomjua Jason, na Michael Myers pia. Sasa mwaka 2003 ikatoka ile sinema ya Freddy na Jason, Freddy ni muuaji mwingine wa sinema za kutisha, ikatufikia kwa VCD, tukaiangalia mpaka diski ikachubuka. Wenzetu wa Marekani walikua wameisubiri miaka 10, maana mwisho wa sinema ya Jason ya 1993 mkono wa Freddy wenye makucha unatokea chini ya udongo unaivuta maski ya Jason, basi, sinema imeisha, watu wanabaki na hiyo picha kichwani.

Sisi tulikua na swali letu lingine, Jason na Michael je? Hao wenye mali hawajawakutanisha mpaka leo. Na mi naona wao ndo wanafaa kukutana kuliko Freddy, Freddy anaongea mno, anatania watu, anapenda kusikika. Ila Jason na Michael hawasemi kitu, wanakuja tu mdogo mdogo. Sasa mabubu wawili wakikutana gizani inakuaje, nani anaanza? Tulibishana miezi, kijiweni, kwenye daladala, msibani hata, mpaka mshkaji wa kamera akasema tushuti wenyewe tuone.

Jumla tulitumia elfu 68, nauli na mihogo ikiwemo. Maski ya Jason binamu aliikata kwenye dumu la mafuta ya kula, lile la njano, akaliweka juu ya jiko la mkaa mbali kidogo ili lilainike bila kuungua, akaligandamiza kwenye sufuria iliyopinduliwa mpaka likashika mviringo wa uso, matundu akatoboa kwa msumari wa moto. Kila tundu lilikua linatoa moshi mweusi na kaharufu ka plastiki kalikaa chumbani siku tatu. Zile alama nyekundu za paji la uso ni rangi ya kucha ya dada yake. Na ule unjano wa dumu ndo ulitusaidia, maski ya hoki ya Jason haitakiwi iwe nyeupe pee, inatakiwa ionekane imezeeka.

Yangu nilipata kwenye mitumba ya Karume, maski ya mzee anacheka, nywele za kahawia. Nlikua nimeshasoma kwamba ile sinema ya kwanza ya Michael, Halloween ya 1978, mwongozaji John Carpenter na wenzake hawakua na hela, wakachukua maski ya dukani ya Kapteni Kirk wa Star Trek, ya dola mbili hivi haifiki, wakaipaka rangi nyeupe, wakapanua macho, wakang'oa nyusi. Hilo jambo lilinipa moyo sana, yaani sura inayoogopwa dunia nzima imetoka kwenye kitu cha bei ya soda kadhaa. Basi nami nikafanya hivyohivyo ila rangi sikununua, nikaenda Pugu penyewe wanakochimba ule udongo mweupe, nikauchanganya na gundi ya mbao, nikapaka tabaka tatu. Ikikauka inapasuka pasuka vimistari kama ngozi ya mtu aliyekufa zamani. Mama aliikuta juu ya kabati akaifunika na kanga.

Muziki alitupigia kijana wa kwaya kwa kinanda. Ule wa Carpenter unahesabiwa tano tano na yeye kazoea nne za kanisani, kila akifika ya nne mkono unarudi mwanzo wenyewe, ilibidi nikae pembeni nahesabu kwa sauti moja mbili tatu nne tano jioni nzima.

Haya, turudi bwawani. Tulishashuti sini ndogo ndogo tangu saa kumi na moja jioni, betri ya kwanza ikaisha, zikabaki dakika 40 hivi za betri ya pili, na hiyo ndo ilikua sini yenyewe, Jason anatoka majini Michael anamsubiri. Tulishafanya mara mbili, mi nainamisha kichwa upande kama Michael anavyofanya akimtazama alomuua. Mara ya tatu nikasikia majani yanavunjika nyuma yangu. Ndani ya maski husikii vizuri, unasikia pumzi yako tu, na matundu ya macho yanakuonyesha mbele peke yake, pembeni giza. Nikajua ni mwenzetu wa tochi. Nageuka, naona rungu.

Walikua watu kama 20, sungusungu wa kijiji cha jirani. Jamani ntawaambia ukweli, nilipoyaona macho yao nilielewa wanaona nini. Mtoto yeyote wa Pwani amekua akiambiwa habari za mumiani, watu wanaokuja usiku kunyonya damu, na hapa kuna mtu ana uso mweupe hauna nyusi, ana kisu, yuko kando ya maji usiku. Mmoja akanikamata ukosi wa ovaroli. Wanauliza we nani, we nani, mi nataka kujibu ila mdomo wa maski nilishaubandika na gundi, sauti inatoka kama ng'ombe. Na binamu kusikia kelele si akaja mbio kutusaidia, anatoka majini na panga na lile dumu usoni, maji yanamchuruzika. Watu walipiga yowe, mmoja akarusha jiwe likampata begani, alama anayo mpaka leo.

Mi nikawa navuta maski haitoki, ule udongo na gundi vilishashikana na nywele kwa jasho. Nikavuta mpaka nywele zikang'oka. Mbele yangu kabisa alikua amesimama mzee mwenye koti na kofia ya kiua, mshale ameuweka kwenye upinde tayari. Uso wangu ulipotokea nikasema neno la kwanza lililonijia, wala sikulifikiria:

"Shikamoo babu."

Naye akajibu, "Marahaba."

Akajibu vile mtu anavyojibu asubuhi mlangoni kwake, kwa mazoea. Halafu pakawa kimya. Akashusha upinde, akawageukia wenzake, akasema, "Mumiani haamkii mtu. Muachieni mtoto."

Nilikaa chini palepale nikalia. Binamu naye akavua dumu lake akaamkia mmoja mmoja, watu wote 20, wote wakaitikia.

Mshkaji wa kamera mikono inatetemeka akarudisha mkanda akamfungulia babu kile kioo cha pembeni, watu wakajazana mgongoni mwake. Wakaangalia kimya. Babu akauliza mbona huyu mweupe anainamisha kichwa, nikamwambia babu anamchunguza mwenzake. Akauliza, "Sasa huyu ni mtu au mzimu?" Nikashindwa. Kwenye majina ya mwisho ya ile sinema ya 1978 akiwa na maski wamemwandika Umbo tu, wala si mtu wala si mzimu, nikamweleza hivyo. Akatikisa kichwa taratibu akasema basi mbaya huyo.

Vijana wakaanza kubishana nani atashinda, wengi walikua upande wa panga. Na babu akasema hamuonekani nyie, giza tupu, akamtuma mjukuu wake nyumbani akalete karabai. Wakaipampu, wakaitundika kwenye tawi la mkorosho, na ndo mara ya kwanza usiku ule tukawa na taa ya maana, nyeupe, inayafanya maji yawake. Ile yetu ya mwanzo ilikua tochi mbili zimefungwa kwenye kijiti.

Tukashuti upya. Kwenye skripti wote wawili walitakiwa waanguke majini wazame pamoja. Binamu akatoka majini, bega linamuuma na haikua uigizaji, mi nikasogea hatua tatu, tukatazamana, nikainamisha kichwa. Hapo hapo betri ikakata.

Kwa hiyo filamu yetu ina dakika 11 na haina mwisho, wanatazamana tu halafu giza. Iliediţiwa ikaisha mwezi wa kumi na moja kwenye kompyuta ya studio ya harusi, tukaionyesha kibandani mtaani jioni moja, bure, hatukuuza hata kopi moja maana Jason si wetu wala Michael si wetu. Babu alikuja na wajukuu wanne, mwenye kibanda akamtolea kiti cha mgongo. Palipofika pale bwawani mtafsiri akazima maiki kwa hiari yake. Chini ya kinanda ikawa inasikika karabai inavuma ssss, na sekunde ya mwisho kabisa kabla ya giza kuna sauti ya mtoto anauliza, "Babu, nani kashinda?" na babu anamjibu kwa kunong'ona, "Nyamaza kwanza, hawajamaliza." Kijana wa kuediti alitaka kuikata hiyo. Tulimkatalia.