Yule mama wa baiskeli

Nilidhani hili swali litaniisha lenyewe, ndiyo maana sikuandika mapema. Halijaisha. Naosha vyombo, namsikia Kitindamimba. Niko kikaoni, watu wanajadili bajeti, namsikia Kitindamimba.

Jumamosi usiku tulitazama The Wizard of Oz, wote, hata Kifunguamimba aliyejifanya yuko kwenye simu. Tukafika mwisho. Dorothy ameamka kitandani kwake Kansas, shangazi Em kaketi pembeni, vibarua wa shamba wamejazana, Toto kapanda kitandani, na msichana anasema hakuna mahali kama nyumbani. Muziki ukapanda. Mimi na machozi yangu, mnanijua. Ndipo mtoto akauliza:

"Mama, na yule mama wa baiskeli?"

Baba Watoto akadakia: "Si kashayeyuka? Kamwagiwa maji, kwisha habari yake, kabaki kofia."

"Aliyeyeyuka ni mchawi. Wa baiskeli yuko kwao, na ile karatasi anayo."

"Filamu imeisha, mwanangu," nikasema.

"Imeisha kwetu. Kwao bado. Kesho atakuja kumchukua mbwa."

Akashuka kwenye kochi, akaenda kupiga mswaki.

Kwa mliosahau: kabla ya kimbunga, kabla ya rangi zote zile, anakuja shambani Miss Gulch, tajiri wa eneo lile, na baiskeli yake. Toto kamng'ata mguu. Ana amri ya sherifu ya kumchukua mbwa akauawe. Anatiwa kapuni mbele ya Dorothy, kapu linafungwa nyuma ya baiskeli. Njiani Toto anasukuma kifuniko kwa kichwa, anaruka, anarudi mbio nyumbani. Dorothy anatoroka naye. Hayo mengine yote, barabara ya matofali ya njano, viatu vyekundu, nyani wenye mabawa, yanatokana na hilo kapu. Halafu filamu inakwisha na amri haijafutwa. Hakuna anayeitaja tena.

Nimeitazama filamu hii tangu nikiwa na umri wa Kitindamimba, na sijapata kuwaza kesho yake.

Nimejaribu kumtetea Dorothy kwa kila njia. Labda kimbunga kilimpitia yule mama? Hakuna anayesema hivyo. Nikakimbilia kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900, hakinisaidii, kwa sababu Miss Gulch hayumo kabisa. Humo safari si ndoto, nyumba inapeperushwa kweli na mjomba analazimika kujenga nyingine. Kwa hiyo mama wa baiskeli aliletwa na watu wa filamu, na hao hao wakamwacha njiani. Baba Watoto anasema walimsahau tu, na ushahidi anao: muswada ulipita mikononi mwa waandishi chungu nzima, na Victor Fleming, ambaye jina lake ndilo lililoandikwa kama mwongozaji, aliondoka kabla ya kumaliza akaenda kuongoza Gone with the Wind. Sehemu kubwa ya zile picha za shambani Kansas alizimalizia King Vidor. Wapishi wengi, anasema. Mimi sikubali. Karatasi inaonyeshwa vizuri mno, watu wanaisoma mbele yetu, haiwezi kuwa wameisahau.

(Wiki yenyewe haikuwa ya mchezo: barua yangu ya cheo imetoka, na mama mkwe kafunguliwa plasta, anatembea.)

Kinachonikera zaidi ni shangazi Em. Utotoni sikuwa namwona, macho yalikuwa kwenye viatu. Sasa ndiye ninayemtazama. Anasema hawawezi kwenda kinyume na sheria, mbwa anatiwa kapuni, kisha anamgeukia Miss Gulch na kumwambia kwamba kwa miaka 23 ametamani kumweleza anavyomwona, na sasa, kwa kuwa yeye ni Mkristo, hawezi kusema! Anaondoka. Miaka 23 amebana, na siku ya siku bado anabana. Jumanne nilimrudia peke yangu, watoto wamelala, nikamtazama uso. Huyo ndiye mtu anayetakiwa kumlinda mbwa kesho asubuhi.

"Kwao bado."

Haya. Jana nikamletea Kitindamimba habari mpya. Nikamwambia Miss Gulch na mchawi ni mtu mmoja, Margaret Hamilton, na kabla ya kuigiza alikuwa mwalimu wa chekechea. Moto wa jukwaani ulimuunguza kweli uso na mkono wakati wa kupiga picha. Na mwaka 1975, uzee umeshaingia, alienda kwenye kipindi cha watoto cha Fred Rogers, akavaa nguo za mchawi moja baada ya nyingine mbele ya kamera ili watoto waone ni nguo tu. Kitindamimba akasikiliza kwa makini, kisha:

"Darasani kwake hakuna aliyepiga kelele."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Basi tukaifungua tena filamu, tukaenda moja kwa moja kwenye mlango, pale Dorothy anapoufungua na picha za kahawia za Kansas zinageuka kuwa za rangi. Nikamfunua siri. Ndani ya nyumba wamepaka kila kitu rangi ya kahawia, na anayeshika mlango akiwa ametupa mgongo si Judy Garland, aliyeigiza Dorothy, ni mwenzake aliyevalishwa gauni la kahawia. Anafungua, anajiweka kando, na Garland anaingia na gauni la buluu. Hakuna mtambo, ni mswaki wa rangi na mtu wa kusogea kwa wakati. Nilidhani utamu utamwishia akijua. Wapi! "Rudisha. Rudisha tena." Akawa anauvizia ule mkono kwenye mlango.

Filamu hii haikurudisha gharama ilipotoka mwaka 1939, na iliingia kila sebule Marekani kupitia televisheni, kuanzia 1956. Watu husifia rangi na wimbo wa upinde wa mvua, nami nasifia. Lakini sasa nashuku ni yule mama wa baiskeli anayeturudisha. Ukiwa mdogo unamwogopa, ukikua unamsahau, ukizaa unaletewa tena mezani.

Kifunguamimba hakuja kwenye mlango jana. Tangu Alhamisi anakula chumbani, sahani inarudi nusu, nikiuliza ni "hamna kitu". Baba Watoto anasema ni umri. Lakini viatu vya mazoezi havijatoka kabatini wiki nzima, na kocha wake hajapokea simu yangu.