Mwaka 2025 na kibao changu cha kufuatia nyota, Dodoma

Januari hadi Machi napita haraka, maana Dodoma miezi hiyo ni mvua na mawingu, unachungulia nje saa mbili usiku kweupe kabisa, ukishatoa stendi tu limeshajifunga. Niliambulia Mirihi katikati ya Januari ilipokuwa karibu na sisi, nyekunduu, basi. Kazi yenyewe imeanza mvua zilipokatika, na karibu yote imezunguka hiki kibao: mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba, kamera inakaa juu ya ile inayofunguka polepole ili ifuate nyota.

Kamera yangu ni Canon 600D ya mtumba na lenzi yake ya 18-55. Ukiiacha imetulia kwenye stendi, kwa 18mm, yaani picha ikiwa pana kabisa, una kama sekunde 15 hivi, ukizidisha nyota zinaanza kuvutika kuwa vimistari kwa sababu dunia inazunguka. Mashine za dukani za kufuata nyota, ukijumlisha na ushuru, acha tu. Nikaenda kwa fundi seremala na mchoro: mbao mbili, bawaba ndefu, na bolti ya M6, ile ya spana namba 10. Uzi wa bolti hiyo unapanda milimita 1 kila ukiizungusha mara moja, kwa hiyo tundu likikaa sentimita 22.9 kutoka katikati ya bawaba, mzunguko mmoja kwa dakika unafungua ubao kwa mwendo uleule wa anga. Fundi akaniangalia. "Bosi, ishirini na mbili nukta tisa? Si useme ishirini na tatu tuendelee." Nikamwambia fundi, hiyo nukta ndo niliyokuja kuilipia. Akacheka, ila aliipima.

Sasa kuna kitu maelekezo ya Wazungu hayakwambii. Kwao bawaba inasimama mshazari digrii 40 au 50 hivi, wanailenga ile nyota ya kaskazini na kazi imeisha. Dodoma tuko digrii 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo ncha ya anga ya kusini, pale nyota zinapoonekana kuzungukia na ndipo bawaba inapotakiwa kulenga, iko digrii 6 tu juu ya upeo, ndani ya vumbi na miti ya watu, na nyota iliyopo karibu nayo ni hafifu mno hata usihangaike kuitafuta. Bawaba inakuwa karibu imelala. Mimi nailaza kaskazini-kusini upande wa magharibi wa kibao, bolti inakaa mashariki inasukuma ubao kwenda juu, halafu ncha ya kusini ya bawaba nainyanyua digrii 6 kwa app ya simu ya kupimia mwinuko. Uelekeo natumia dira ya simu, ila simu iwe mbali na vyuma, hata hiyo bolti inaivuruga.

Julai, mwezi ukiwa haupo kabisa, tukaenda Hombolo upande wa bwawani mimi na shemeji yangu, yeye alifuata samaki kusema kweli. Kwenye saa nne na ushei kitovu cha Njia ya Maziwa, ule mkanda wa nyota unaokatiza anga, kiko juu sana, hao wa Ulaya wanakiona kimeegemea upeoni, sisi ni kuinua shingo tu. Dakika mbili kwa picha, ISO 800, nageuza bolti robo kila sekunde 15 huku nimebana pumzi. Picha ya kwanza ilivyotokea kwenye kioo, ile michirizi myeusi ya vumbi la huko angani inaonekana yote, shemeji akaacha ndoano.

Agosti 12 alfajiri Zuhura na Mshtarii zilisogeleana, haifiki digrii moja kati yao, hiyo hata simu inatosha.

Halafu Jumapili ya Septemba 7, mwezi ukapatwa. Saa mbili na nusu usiku ukawa umemezwa wote, na ukakaa hivyo zaidi ya saa nzima. Majirani wakatoka na viti. Mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, kama kivuli kimeufunika wote mbona bado tunauona?" Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa mwaka huu: mwanga wa jua unapinda ukipita kwenye hewa ya dunia, wa bluu unatawanywa njiani, mwekundu ndo unafika. Baadaye kidogo nikawageuzia darubini kwenye Zohali, wakategemea ile pete ya vitabuni, kumbe mwaka huu imetugeuzia ukingo, ni sindano imechomwa kwenye haragwe. Watoto walilalamika sana.

Desemba vimondo vya Jeminidi vilikuja na mawingu, nimepata vichache vya kuona, cha picha hakuna.

Kinachoendelea sasa: bolti iliyonyooka inaanza kudanganya ukiacha picha muda mrefu, kwa 18mm huoni, kwa 55mm, ukivuta karibu, nyota zinavimba. Naikunja ifuate upinde wa sentimita 22.9 na nati ndo izunguke kwa mota. Mota ya volti 12 ninayo, inakimbia kupita kiasi, nasubiri gia.