Nadharia ya hisabati katika kioo cha simu

Kwa muda wa miezi minane sasa nimekuwa nikijifunza nadharia ya hisabati kwa kutumia programu ya simu. Ninaposema nadharia sikusudii kukokotoa, kwa kuwa hilo simu imekuwa ikitufanyia siku nyingi. Ninakusudia fasili, kauli zilizothibitishwa ambazo wanahisabati huziita theoremu, na hoja zinazozisimamisha. Nimegundua kwamba programu hii ni mtunzaji hodari wa kumbukumbu lakini ni mtahini mlegevu, na ilinichukua muda mrefu kuwatenganisha hao wawili.

Nianze na sifa, maana inazistahili. Somo limegawanywa katika kadi fupi, na kila kadi hurudi baada ya muda unaorefuka kadiri ninavyoikumbuka: kesho, kisha baada ya siku nne, kisha baada ya wiki mbili. Wazo lenyewe ni kongwe kuliko simu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya juu yake mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hupotea mapema mno, na kwamba marudio yaliyoachanishwa hufaa kuliko marudio ya mkupuo mmoja. Katika hisabati jambo hili lina uzito, kwa sababu asiyeikumbuka fasili hana hata pa kuanzia hoja, na mimi nilikuwa mtu wa kusahau fasili kila nilipofunika daftari.

Kasoro niliiona siku nilipojaribu kumweleza rafiki uthibitisho wa Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki, wa karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, kwamba namba tasa hazina mwisho. Kadi hiyo nilikuwa nimeipata kwa wiki kadhaa mfululizo bila kukosea. Nikamwambia kwa kujiamini: chukua namba tasa zote ulizonazo, zizidishe, ongeza 1, utapata namba tasa mpya. Yeye, ambaye hajawahi kuiona programu hiyo, akachukua kalamu akaanza kujaribu. Kwa 2 na 3 akapata 7, kisha kwa kuongeza kila mara namba tasa inayofuata akapata 31, 211, 2311, na zote zilikuwa tasa. Nami nikaanza kutabasamu. Kisha akazidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13, akaongeza 1, akapata 30031, akatumia muda mrefu kutafuta vigawo vyake, hatimaye akaniandikia 59 mara 509.

Euclid hakukosea, mimi ndiye niliyekosea. Hoja yake haisemi kwamba namba hiyo mpya lazima iwe tasa, bali kwamba kigawo chake chochote kilicho tasa hakiwezi kuwa mojawapo ya zile tulizoanza nazo, kwa sababu ukiigawanya kwa yoyote kati ya hizo hubaki 1. Kwa hiyo 59 na 509 ndizo zilizokosekana kwenye orodha, na hoja inasimama. Programu ilikuwa imeniuliza tu uthibitisho huo unathibitisha nini, ikanipa majibu manne ya kuchagua, nami nikagusa lililo sahihi. Kulitambua jibu lililowekwa mbele yako na kulijenga mwenyewe kutoka karatasi tupu ni kazi mbili tofauti, na kidole kwenye kioo hufanya ile ya kwanza peke yake.

Tangu hapo nimezikagua kadi zangu kwa jicho la shaka, na iliyonisumbua zaidi ni ya kikomo cha mfuatano wa namba. Fasili yake, kwa maneno ya kawaida, ni kwamba kwa kila umbali mdogo utakaoutaja, kuna mahali katika mfuatano ambapo kuanzia hapo namba zote ziko karibu na kikomo kuliko umbali huo. Sasa geuza mpangilio: kuna mahali ambapo, kwa kila umbali utakaoutaja, namba zote kuanzia hapo ziko karibu na kikomo kuliko umbali huo. Maneno ni karibu yale yale, na kwa msomaji mwenye haraka maana pia inaonekana ile ile, lakini sharti hili la pili linalazimisha namba zote kuanzia mahali hapo ziwe sawasawa na kikomo chenyewe. Mfuatano wa 1, nusu, theluthi, robo na kuendelea, ambao kikomo chake ni 0, ungekataliwa, kwa kuwa haufiki 0 kamwe.

Zipo programu za kompyuta, kama Lean iliyoanzishwa mwaka 2013, zinazokagua uthibitisho mstari kwa mstari na kukataa hatua isiyo na msingi. Hao ndio watahini wakali ninaowatamani, ingawa kuandika lugha yao kwa kibodi ya simu ni adhabu.

Programu yangu sijaifuta. Inaniruhusu kutunga kadi mwenyewe, kwa hiyo ile ya Euclid sasa ina namba moja tu, 30031, na agizo la kuandika hoja nzima kwenye karatasi kabla ya kuigeuza. Ya kikomo inazo sentensi zote mbili bila majibu ya kuchagua, na inanitaka nitaje mfuatano unaozitenganisha. Jana nilikosea tena, nayo itarudi kesho.