Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi Sanifu wa Karakana ya Mwaka wa Kwanza

Watu wengi wakisikia fundi sanifu wa karakana ya chuo, wanamfikiria mtu wa funguo: anafungua mlango, anahesabu bisibisi, anafunga mlango. Naandika siku hii, Jumatano ya wiki ya sita ya muhula, ili msomaji aone kinachofanyika kati ya kufungua na kufunga. Karakana yetu iko Dar es Salaam na inapokea wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza, ambao wengi wao hawajawahi kushika mita ya kupimia volti na ampea. Mradi wao ni mmoja: ndoo ya lita 20 iliyo juu ya meza ijijaze yenyewe kutoka ndoo ya chini, na pampu izime kabla maji hayajamwagika. Aliyekulia kwenye nyumba yenye tangi la akiba analijua tatizo hili bila kuelezwa.

Saa 12:50 asubuhi

Napanga masinia 12, kila moja la watu wanne. Ndani ya sinia kuna bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo inayopokea programu), bredibodi ya matundu 830 ya kuunganishia vipande bila kulehemu, sensa ya HC-SR04 inayopima umbali wa maji kutoka juu kwa mwangwi wa sauti, relei ya volti 5 (swichi ambayo bodi huitumia kuwasha pampu), pampu ndogo ya volti 12, adapta ya volti 12 na ampea 2, kishusha volti cha kutoa 5 kutoka 12, dayodi mbili za 1N4007 (dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu), rizista na nyaya za jampa. Masinia yanafanana kwa makusudi. Mtindo wa kumpa kila mwanafunzi mfuko wa vipande vilevile na tatizo lilelile ulipata sifa chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1970, mikononi mwa mhadhiri Woodie Flowers, na faida yake naiona kila wiki: kundi likikwama, linaenda meza ya jirani kulinganisha waya kwa waya.

Kabla hawajaingia napima vitu vitatu. Cha kwanza ni kebo za USB. Kuna kebo za kuchaji tu, hazina nyaya za data ndani, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mwanafunzi atapakia programu saa nzima bila kompyuta kuiona bodi. Zile zangu nzuri zina utepe mwekundu. Cha pili ni fyuzi za mita. Mtu akipima ampea, akasahau kurudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti, kisha akagusa adapta, fyuzi inakatika kimyakimya, na anayefuata atasoma sifuri na kuamini kwamba mkondo haupiti. Cha tatu ni sensa zenyewe: kila moja naielekeza kwenye ubao ulio sentimita 20 mbele yake. Leo mbili zimesoma sifuri, nazo zimetoka.

Kazi hii ya saa nzima haionekani na mtu yeyote, lakini ndiyo inayolinda somo. Sitaki mwanafunzi akwamishwe na kebo. Nataka akwamishwe na uamuzi wake mwenyewe.

Saa 2:00

Shikamoo arobaini na nane. Viatu vya kufunika vidole, nywele ndefu zifungwe, na hakuna atakayegusa umeme wa ukutani zaidi ya kuchomeka adapta. Mhadhiri anaongea dakika 20, kisha meza zinaanza kelele.

Saa 3:30

Asubuhi yote huishia kwenye swali moja: pampu iwake lini na izime lini? Karibu kila kundi huanza na mstari mmoja, tuseme pampu iwake maji yakiwa mbali na sensa kuliko sentimita 15, na izime yakiwa karibu zaidi ya hapo. Kwenye karatasi hilo ni sahihi. Kwenye ndoo, maji yanayoingia yanafanya mawimbi, usomaji unacheza kati ya 14 na 16, na relei inalia tak-tak-tak mpaka mtu azibe masikio. Siwaambii jibu. Nawaambia wachapishe vipimo 50 vya sensa mfululizo na waviangalie. Wengi wanafika wenyewe: mipaka iwe miwili. Pampu iwake umbali ukizidi sentimita 28, izime ukishuka chini ya 10, na katikati iendelee na hali iliyokuwa nayo. Kundi makini zaidi linachukua vipimo vitano, linavipanga kwa ukubwa na kutumia kile cha katikati, kwa sababu mwangwi mmoja uliopotea huleta namba ya ajabu inayoharibu wastani.

Kundi moja limekuja na sensa yao wenyewe ya Kariakoo, ile isiyoingia maji. Wazo zuri, maana HC-SR04 ikipata mvuke kwenye macho yake inadanganya. Tatizo ni kwamba sensa hiyo haioni vizuri kitu kilicho karibu kuliko takribani sentimita 20, na ndoo yenyewe ina kina cha 35. Nimewaachia rula na karatasi ya maelezo ya sensa. Baada ya dakika kumi wameamua kuiinua juu ya ndoo kwa bomba la plastiki. Hapo nilifurahi kweli.

Saa 6:00

Kulehemu. Ncha nyuzi joto 350, pasha waya na pini kwa pamoja, leta risasi ya kulehemu upande wa pili wa joto, sekunde mbili au tatu, ondoa. Kiungo kizuri kinang'aa na kupanda kama mteremko. Kibaya kinakaa kama tone juu ya pini, na kitashika leo na kuachia kesho. Feni inafukuza moshi. Risasi yetu ya kulehemu ni ile yenye madini ya risasi ndani, kwa hiyo mikono inanawiwa kwa sabuni kabla ya chakula, na hilo nalisimamia mlangoni.

Saa 8:15 na kuendelea

"Fundi, bodi imekufa."

"Imekufa, au inazimika na kuwaka?"

"Inazimika na kuwaka."

Basi haijafa. Kundi la saba. Maji yakiwa chini, relei inagonga mara moja, taa ya bodi inazimika, inawaka, sekunde mbili zinapita, relei inagonga tena, giza tena. Wameshabadilisha bodi. Wameshaazima relei ya meza ya jirani. Wameandika programu upya mara mbili. Wana hasira na mimi, kwa sababu wanajua ninajua.

Sijui bado, ila nina mahali pa kuanzia. Nimewaambia waitoe pampu. Wakaitoa kwenye konekta, wakawasha, tatizo likabaki palepale. Hapo ndipo walipovunjika moyo kabisa: pampu haipo na bado inazimika, basi ni relei! Relei ya tatu ikaombwa. Nikakataa. Walikuwa wanabadilisha vitu badala ya kupima, na kwa mtindo huo kundi linaweza kumaliza kabati zima.

Nikawapa mita na sharti: kila mnachogusa, andikeni namba kabla na baada. Volti kwenye konekta ya adapta: 12.1. Relei ikigonga, namba ikaanguka chini ya 4, ikarudi 12. Mita ya dijitali ni nzito, haikimbizani na tukio la haraka, kwa hiyo huko chini kabisa ilikuwa ndogo zaidi. Adapta ilikuwa inajikinga: ikiona shoti inakata, bodi inakosa umeme, relei inaachia, shoti inaondoka, adapta inarudi, bodi inaamka, inaona maji yako chini, inawasha relei. Duara hilo walichora wao wenyewe. Ilichukua dakika 40, na karakana ilikuwa na joto la kutosha kukausha nguo.

Shoti iko wapi kama pampu haipo? Wakatoa waya mmoja mmoja kutoka upande wa relei. Walipofika kwenye konekta ya pampu, mmoja akagusa dayodi na kurudisha kidole haraka. Ya moto. Mchoro wao ulikuwa sahihi kabisa, mstari wa kijivu wa dayodi upande wa chanya. Lakini walipofunga konekta kwenye ubao waliigeuza, na dayodi ikageuka nayo. Ikawa njia ya wazi kutoka chanya kwenda hasi kila relei inapofunga. Kwa kuwa ilikuwa kwenye konekta, siyo kwenye pampu, kuitoa pampu hakukubadilisha kitu.

Wakaikata, pampu ikazunguka, kelele za furaha. Kisha likaja lile ninalolisikia kila muhula: "Basi tuiache tu, fundi, haina kazi."

Hapa ndipo uchovu unaponijaribu, kwa sababu kuwaruhusu ni rahisi. Mota ni koili. Mkondo wake ukikatwa ghafla, koili inasukuma volti kubwa upande wa kinyume, cheche inaruka kwenye miguso ya relei, na kelele yake ya umeme inaweza kuizima bodi bila mpangilio. Leo itafanya kazi. Baada ya kuwaka na kuzima mara nyingi, miguso inaungua na kushikana, pampu haizimi tena, na maji yanamwagika, yaani lile tatizo waliloombwa kulizuia. Wakafunga dayodi mpya, mstari upande wa chanya. Kabla ya kuwasha walipima, pampu ikiwa imetolewa, maana ukipima dayodi iliyofungwa sambamba na mota utasoma waya wa mota. Upande mmoja volti 0.58, upande wa pili hakuna kitu. Sawa.

Kwa mara ya kwanza siku nzima, maji yalipanda hadi sentimita 10 kutoka kwenye sensa na pampu ikanyamaza yenyewe. Wote wanne walibaki wanaitazama ndoo.

Jioni

Sikumbuki vizuri saa ngapi waliondoka wa mwisho. Kufuta maji sakafuni. Kuhesabu: jampa 31 hazipo, kishusha volti kimoja kimepanda hadi volti 9 kwa sababu mtu alizungusha skrubu yake bila mita, mita mbili hazina fyuzi. Ombi la fyuzi liliandikwa wiki tatu zilizopita, kwa hiyo zitatoka mfukoni kwangu kesho alfajiri.

Dayodi ya kundi la saba nimeiweka kwenye sinia la makosa, pamoja na konekta yao, kama ilivyokuwa. Muhula ujao kundi jingine litapewa na mita moja, bila maelezo.

Kesho saa 2 wanakuja 46. Masinia ni yaleyale 12, na sensa za akiba zimebaki tatu.