Kuna Nini, Mama?

Watu wakimwona mwanamke wa miaka 58 anakimbia barabarani kabla hakujapambazuka, wanachofikiria kwanza ni msiba. Nalijua hilo kwa sababu niliulizwa karibu kila wiki. "Mama, kuna nini?" "Mama, nani amefariki?" Asubuhi moja pale Kiboriloni, hapa Moshi, mzee mmoja alivua kofia kabisa akanipa pole kabla sijafungua mdomo. Sikuwalaumu. Hata mimi mwenyewe, maisha yangu yote ya utu uzima, nilikuwa nimekimbia kwa sababu moja tu: kuna mtu hali yake ni mbaya.

Nilikuwa muuguzi miaka 31, mingi kati ya hiyo wodi ya wazazi. Mama amejifungua, damu haikatiki, unatoka mbio kwenda maabara kufuata damu, unarudi umeikumbatia kifuani huku unaomba Mungu usikute wamefunika shuka. Ile korido naweza kuhesabu hatua zake hadi leo. Nilipostaafu kwa hiari mwaka 2016, miguu ikakosa kazi. Mwaka uliofuata Alphonce Simbu akapata medali ya shaba kwenye marathoni ya mashindano ya dunia kule London, na kwenye daladala niliyopanda siku ile watu hawakuwa na habari nyingine. Nikarudi nyumbani nikiwaza: hivi mtu akikimbia na hakuna anayekufa, inakuwaje?

Nilianza kwa kukimbia dakika mbili na kutembea dakika tatu. Machi 2018 nikakimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, na ile ya 2019 nikajiandikisha 42. Nilimaliza, kwa saa 5 na dakika 41. Lakini siku inayonirudia si ya mbio zenyewe. Ni Jumamosi ya tarehe 9 Februari, wiki tatu na ushee kabla yake, siku ya zoezi langu refu kuliko yote: kilomita 32.

Niseme kidogo kuhusu mazoezi, maana kwa umri wetu hayafanani na ya vijana. Kijana akikimbia mbali leo, kesho kutwa yuko barabarani tena. Mimi nilihitaji siku mbili kamili, wakati mwingine tatu, na siku nilizodanganya, goti la kushoto lilinipa jibu lake. Kwa hiyo nilikimbia siku nne tu kwa wiki. Uji ukiwa jikoni nilisimama kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, nikainuka kwa vidole vya miguu mara 15, nikapumzika, nikarudia, hadi uji uchemke. Nina hakika zile ngazi ndizo zilizonifikisha. Mapigo ya moyo niliyapima kwa vidole viwili shingoni, sekunde 15 kisha mara nne, kama nilivyowapima wagonjwa. Yakizidi 140 natembea.

Usiku wa kuamkia Jumamosi ile umeme ulikatika, simu ikaisha chaji na kengele haikulia. Badala ya kutoka saa 10 alfajiri nilitoka saa 11 na nusu. Mtu wa Moshi anajua saa moja na nusu ina uzito gani mwezi wa pili. Kufika saa 3 asubuhi barabara ya Himo hakuna kivuli, na upepo unaotoka tambarare unakuja na vumbi. Ningeahirisha ningefanya vizuri. Sikuahirisha.

Nilijifunga kanga juu ya suruali ya mazoezi kama kawaida, nikachukua chupa ya maji ya lita moja, nikaondoka. Njia niliichagua makusudi. Kilimanjaro Marathon inaanza na barabara hiyohiyo ya kuelekea Himo, tambarare, halafu unarudi mjini ndipo unapandishwa kuelekea Mweka wakati miguu imeshachoka. Nilitaka ile sehemu ya kwanza niizoee kiasi cha kuikimbia nikiwa usingizini.

Kilomita 16 za kwenda zilikuwa nzuri sana. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilitokeza mawingu yakiwa bado chini, na pembezoni mwa barabara walikuwa wanapita kina mama na majembe, wametoka migombani huko juu, wanateremka kuandaa mashamba ya tambarare kabla ya masika. Niliwasalimia, wakaitikia. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alishuka na jembe gizani, akapanda jioni na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, majani marefu yaliyomfunika hadi mabegani, kiasi kwamba sisi watoto tuliona rundo la majani linatembea lenyewe na miguu tuliyoifahamu. Hakuna aliyemhesabia kilomita. Asubuhi ile nilimhesabia mimi.

Nilipogeuza, kijana wa bodaboda alisimamisha pikipiki mbele yangu. "Shikamoo mama. Panda nikuwahishe. Kama ni hospitali hela utanipa siku nyingine." Nikamwambia marahaba mwanangu, sina mgonjwa, niko mazoezini. Alinitazama, akatazama kanga, akasema haya mama, taratibu basi. Akaenda zake.

Jua likatoka lote. Chupa yangu iliisha, nikanunua nyingine, nayo nikaimaliza. Nilikunywa kwa hofu, siyo kwa kiu, kila baada ya dakika chache, maana wote tunaambiwa tunywe maji. Karibu kilomita ya 25 kichwa kikaanza kuwa chepesi na tumbo likawa linacheza kama ndoo iliyojaa. Nikasema ni jua. Kisha nikataka kusogeza pete ya ndoa inayonilegea siku zote, nikakuta haisogei. Vidole vilikuwa vimevimba. Nikatazama pindo la kanga: ilikuwa nyekundu, na jasho lililokaukia pale lilikuwa limechora mistari myeupe, moja juu ya nyingine. Nikaiweka ulimini. Chumvi tupu.

Nilisimama palepale. Wodini niliwahi kumwona mgonjwa aliyejazwa maji kuliko mwili ulivyoweza kuyatoa. Alianza kwa kulalamika kichwa, na kabla ya saa kupita hakumtambua mumewe. Najua maji yakizidi na chumvi ikapungua damuni ubongo unavimba. Nilijikalisha chini ya mti, nikajiuliza jina langu, tarehe, majina ya wajukuu kwa mpangilio wa kuzaliwa. Yote nilijibu. Lakini mikono ilikuwa inatetemeka.

Yule kijana alikuwa anarudi na abiria. Aliponiona alimshusha abiria wake, akamwomba radhi, akanikimbilia na chupa ya maji aliyoinunua palepale kibandani. Nikaisukuma. "Maji hapana, mwanangu. Nitafutie supu." Alidhani nimechanganyikiwa, nilimwona usoni. Nikamwambia taratibu, kwa sauti niliyowaambia wanafunzi wa uuguzi: supu, na waongeze chumvi, usisahau chumvi. Alirudi na bakuli la plastiki, supu ya mbuzi, mafuta yanaelea juu, kipande cha ndimu. Nilikunywa kwa vijiko vidogo. Yeye alichuchumaa mbele yangu kimya, kofia yake ngumu mkononi, hadi bakuli likaisha. Sijawahi kuonja kitu kitamu kama kile.

Tulikaa karibu nusu saa. Nilipokwenda haja nyuma ya kibanda nilijua mwili umeanza kuyatoa maji, na kichwa kikatulia. Hapo angenipandisha pikipiki ningekubali. Alinyanyuka, akaniuliza, "Zimebaki ngapi?" Nikasema saba. Akasema, "Basi tembea, mimi nitakuwa napita." Na kweli alipita, mara ya kwanza akiwa na gunia la mkaa, ya pili akiwa na mwanafunzi, kila mara anapunguza mwendo, anapiga honi mara moja, mimi nainua mkono.

Nilitembea hadi Kiboriloni. Sokoni walikuwa wameshapanga mitumba. Pete ilikuwa imeanza kuzunguka kidoleni, nikapima mapigo, 104, nikaamua kujaribu. Hatua kumi, ishirini. Miguu ilikubali. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatundika magauni kwenye kamba akaniona nakuja, akaacha kazi, mkono kifuani.

"Kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu, mdogo wangu. Nakimbia tu."

Akachungulia nyuma yangu kuona kama kuna anayenifuata. Barabara ilikuwa tupu. Akanitazama tena, akachukua gauni jingine, akalikung'uta, akalitundika.