Kipima-tetemeko nilichokiunda kwa springi na sumaku

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitupiga Bukoba. Ukuta wetu wa jikoni ulilala wote. Siku zilizofuata ardhi iliendelea kugutuka, na kila mara nyumbani tulibishana: ni lori limepita, au ni lenyewe? Ubishi huo haukunitoka kichwani, mpaka nikaamua kuunda kitu cha kuumaliza.

Sumaku inaning'inia kwenye springi, ndani ya koili ya waya wa shaba. Ardhi ikitikisika, koili inakwenda nayo, lakini sumaku inachelewa kufuata kwa sababu ya uzito wake, na kupishana huko kunazaa umeme kidogo sana kwenye waya. Nilitafuta springi laini. Ile inayovutika sentimita 25 kwa uzito wa sumaku hupanda na kushuka mara moja kwa sekunde. Waya nilipewa na fundi wa kusuka mota, nikauzungusha kwa mkono mara 2,000 huku nikihesabu kwa sauti.

Kilichonitesa ni sumaku kutotulia. Mlango ukibamizwa, inacheza dakika nzima. Nilijaribu kuizamisha kwenye mafuta ya kupikia, yakachafua kila kitu. Dawa niliipata kwa wauza vyuma chakavu: kipande cha bomba pana la shaba. Nilifunga sumaku ya pili chini ya ile ya kwanza, ikaning'inia ndani ya bomba bila kuligusa. Shaba haivutwi na sumaku, ila sumaku ikitembea ndani yake huzuka umeme unaoipinga. Niliivuta kwa kidole, nikaachia. Ikapanda, ikasimama. Nilirudia hivyo jioni nzima kwa furaha.

Nimekikalisha juu ya sakafu ya saruji, nikakifunika ndoo upepo usikiguse. Arduino, kompyuta ndogo ya bodi moja, inasoma umeme wa koili mara 100 kwa sekunde na kuandika kwenye memori kadi.

Asubuhi moja nilikuta mchoro wa usiku: wimbi dogo la haraka, kisha sekunde 22 baadaye wimbi kubwa. La kwanza hukimbia kuliko la pili, hivyo pengo kati yao hukua kadiri tetemeko lilivyo mbali. Zidisha sekunde hizo kwa 8, unapata umbali wa kilomita 176 hivi. Mama hakuwa amehisi chochote.

"Limetokea wapi, mwanangu?"

Nikamwambia, mama, kifaa kimoja kinatoa umbali tu, hakitoi upande. Vinatakiwa vitatu. Koili ya pili naisuka sasa, itakwenda kwa mjomba Karagwe.